Kinga si Tiba
Maneno juu ya saratani ya utumbo mpana, na yampasayo mtu juu ya mwili wake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamthubutukia Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akayaumbia dawa. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Tumeulizwa hapa Nyakato, katika mji wa Musoma, na ndugu zetu watu wa pwani walioketi huku bara kwa kazi na biashara, maswali ambayo tumeona yafaa jawabu zake zipigwe chapa, ili na wenzao walio Mombasa na Lamu, Tanga na Unguja, wazipate. Maswali yenyewe ni haya. La kwanza: mtu akilinda kinywa chake, akala chakula chema, akautembeza mwili wake, na akajitenga na tumbaku na ulevi, je, atasalimika na saratani ya utumbo mpana? La pili: aliyekwisha kushikwa nayo, je, aweza kujiponya kwa hayo hayo, pasina kisu cha tabibu? La tatu: ikiwa kila jambo limekwisha kuandikwa, kuna faida gani ya kujisumbua?

Haya ni maswali matatu, na kila moja lina jawabu yake peke yake. Wengi huyachanganya wakayafanya moja, na katika kuchanganya huko watu hufa. Mwenye kuandika si tabibu, ni mwalimu wa chuo na madrasa. Basi yaliyo ya utabibu tumeyatwaa kwa watabibu, katika yale waliyoyapima na kuyaandika. Na yaliyo ya dini tumeyatwaa kwa wanavyuoni wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu.

MARADHI YENYEWE

Saratani kwa lugha ya Kiarabu ni kaa, yule mnyama wa pwani tumjuaye. Na Wayunani walitangulia kuyaita maradhi haya kwa jina hilo, kwa vile yashikavyo nyama ya mwili yakatandaza miguu yake. Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya matumbo, ndimo mabaki ya chakula yanyonywamo maji yakawa choo. Katika ngozi ya ndani ya utumbo huo huota vijinyama vidogo. Vilivyo vingi havidhuru, lakini baadhi yake, kwa muda wa miaka kumi au zaidi, hugeuka vikawa saratani. Kukawia huku ni rehema, kwani humpa binadamu nafasi mbili: nafasi ya kuzuia kabla hayajazaliwa maradhi, na nafasi ya kuyagundua yangali machanga.

Kwa hisabu ya mwaka 2022 iliyotolewa na wakala wa kutafiti saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya 1,900,000 duniani walipatikana na saratani ya utumbo mpana na ya mwisho wake ulio karibu na njia ya haja kubwa, na watu kadiri ya 900,000 walikufa kwayo katika mwaka huo mmoja. Wala asiseme mtu kuwa haya ni maradhi ya Wazungu. Katika hospitali ya Bugando iliyoko Mwanza, ambayo ndiyo kimbilio la watu wa pande hizi za ziwa, madaktari waliandika mwaka 2013 khabari za wagonjwa 332 wa maradhi haya waliowapokea kwa miaka michache tu. Umri wa katikati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 46, nao wengi walifika maradhi yakiwa yamekwisha kukomaa. Miaka 46 si uzee. Ni umri wa mtu mwenye watoto chuoni, na mizani dukani, na deni la kulipa.

JUU YA KUANDIKIWA

Twaanza na swali la mwisho, kwani asiyekinai kwa hilo hatasikiliza mengine. Wako watu katika mabaraza yetu, ukimwambia mmoja wao apunguze sukari na mafuta, hukujibu: ajali haina kinga, na lililoandikwa halifutiki. Maneno haya sura yake ni imani, lakini ndani yake mna uvivu. Kwani mwenye kuyasema haachi mlango wake wazi usiku akalala, akasema kuwa mwivi naye ameandikwa. Wala hapandi jahazi lenye tundu akasema kuwa kuzama kumeandikwa. Mlango huutia komeo, na tundu hulitia kalafati. Mbona basi imani hiyo humjia mbele ya sahani ya chakula tu?

Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Mungu zimshukie, alitoka Madina mwaka wa 18 wa Hijra kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapata khabari kuwa tauni imeingia nchi ile. Akataka shauri kwa sahaba, kisha akaamua kurejea. Abu Ubayda bin al-Jarrah akamwuliza kama anaikimbia kudra ya Mungu. Sayyidna Umar akamjibu kuwa twaikimbia kudra ya Mungu kuiendea kudra ya Mungu. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika bonde lenye pande mbili, moja ya majani na moja kavu, kuwa popote atakapowalisha atawalisha kwa kudra Yake. Khabari hii ni sahihi, imepokewa na Bukhari. Basi kujikinga nako kumeandikwa, na sababu ni katika hayo yaliyoandikwa. Wala mtu hakupewa kuusoma ule ubao kabla ya kutenda. Amepewa akili na mikono.

Nasi tuuangalie na mwisho wa khabari hii, kwani tutauhitaji mbele. Sayyidna Umar alirejea akasalimika na tauni ile. Abu Ubayda alibaki na watu wake katika Sham, akafa kwa tauni mwaka ule ule. Hapana katika umma aliyesema kuwa Abu Ubayda alikufa kwa kosa lake.

DARAJA ZA SABABU

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ambao ni 1111 kwa hisabu ya Kizungu, naye ni katika maimamu wa madhehebu yetu ya Shafi'i, ameeleza katika Ihya, mlango wa kutawakali, kuwa sababu za kuondosha madhara ni daraja tatu. Ya kwanza ni ya yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa; mwenye kuiacha hii akafa hakutawakali, bali ameasi. Ya pili ni ya dhana yenye nguvu, kama dawa za watabibu zilizozoeleka kufaa. Kuitumia hakuvunji kutawakali. Ya tatu ni ya wahamu, isiyo na mizani ya kuipimia, nayo ndiyo apasayo mtu asiutundike moyo wake kwayo.

Mizani hii ina miaka zaidi ya 900, na hadi leo haijapata kutu. Anayetaka kujua hukumu ya jambo lolote aambiwalo kuwa ni kinga au ni dawa, na aulize kwanza: hili liko daraja gani? Tutayatia katika mizani hii maswali mawili yaliyobaki.

JE, KUJIHADHARI HUZUIA?

Ilimu ya jambo hili asili yake kubwa iko karibu nasi, ng'ambo ya ziwa hili hili tunywalo maji yake. Denis Burkitt, tabibu mpasuaji aliyezaliwa Ayalandi mwaka 1911, alifika Uganda baada ya Vita Vikuu vya Pili, akafanya kazi Mulago katika mji wa Kampala kwa miaka mingi. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokari kadiri ya maili 10,000, kutoka Uganda hata Afrika ya Kusini, wakizunguka mahospitali kutafuta khabari za uvimbe wa taya za watoto, ambao leo waitwa kwa jina lake. Aliporejea Uingereza aliona ajabu: maradhi ya matumbo yaliyojaza hospitali za huko, na saratani ya utumbo mpana ikiwamo, huku kwetu hakuwa akiyaona ila kwa nadra. Akayaandikia mahospitali mengi ya Afrika akiwauliza waliyaonayo, kisha mwaka 1971 akatoa rai yake: kwamba mtu wa shamba wa Afrika hula nafaka na maganda yake, na kunde, na viazi, na mboga, choo chake kikawa kingi, laini, chenye kupita upesi, na Mzungu hula unga mweupe uliokobolewa, choo chake kikawa kidogo, kigumu, kikakawia tumboni pamoja na sumu zake.

Rai hii ilipendwa, lakini wenye ilimu hawakuipokea hivi hivi. Walisema: Afrika ya siku zile wazee walikuwa wachache, na saratani hii aghlabu huwafuata wenye umri, na mahospitali yalikuwa machache, huenda wengi walikufa bila kuandikwa. Basi wakapima. Huko Marekani watu 2,079 waliokwisha kuondolewa vijinyama vya utumbo waligawanywa mafungu mawili, fungu moja likaongezewa makapi ya nafaka na mboga na kupunguziwa mafuta. Kwa muda wa miaka minne vijinyama vilirudi kwa mafungu yote mawili sawasawa. Hayo yalitolewa mwaka 2000. Mwaka 2003 ikatoka hisabu nyingine ya watu zaidi ya 500,000 wa Ulaya, ikaonyesha kuwa walao zaidi chakula cha namna hiyo huipata saratani hii kwa uchache kuliko wenzao. Na mwaka 2015 wataalamu walibadilishana chakula baina ya watu weusi 20 wa Marekani na watu 20 wa mashamba ya Afrika ya Kusini, kwa wiki mbili tu. Ngozi ya utumbo ya wale wa Marekani ikatulia, na ya wale wa Afrika ya Kusini ikaanza kuonyesha alama zinazotangulia maradhi. Hizo ni alama, si saratani yenyewe. Lakini moshi haudharauliwi.

Na watu wa mkoa wetu wa Mara wanayo khabari ya nyumbani iwafunzayo jinsi ilivyo vigumu kuthibitisha kinga. Kaskazini ya Mara, tangu mwaka 1977 hata 1982, watoto walipewa dawa ya malaria ili ionekane kama ule uvimbe wa taya wa Burkitt utapungua. Ukapungua kweli, lakini ulipohesabiwa ikaonekana kuwa ulikwisha kuanza kupungua kabla ya dawa kutolewa. Wataalamu hawakujitia ushindi, bali waliandika kama walivyoona. Huo ndio uaminifu wa ilimu, nao ungefaa uwe mfano kwa kila mwenye kupanda juu ya kiti kuwaeleza watu dawa.

Pamoja na hayo, yako yaliyokwisha kuwa na nguvu. Mwaka 2015 wakala ule wa saratani tulioutaja ulihukumu kuwa nyama zilizotengenezwa kwa chumvi, moshi na madawa, kama soseji na nyama za kopo, huleta saratani ya utumbo, na kuwa nyama nyekundu yashukiwa sana. Kila gramu 50 za nyama hizo za kutengenezwa kwa siku, nazo ni kadiri ya soseji moja, huongeza khatari kwa asilimia 18. Maana yake si kuwa watu 18 katika 100 watapatwa. Maana yake ni kuwa lau katika 100 wangalipatwa watano, watakaribia kuwa sita. Ulevi nao umethibiti, na tumbaku imethibiti, na unene wa kupita kiasi umethibiti. Na mwendo wa miguu na kazi ya mwili imethibiti kuwa hupunguza. Huko Marekani wataalamu wamekadiria kuwa kiasi cha nusu ya saratani za utumbo zatokana na mambo ya namna hii.

Basi jawabu la swali la kwanza ni hili: kujihadhari huipunguza khatari, wala hakuifungi. Daraja yake ni ya pili, dhana yenye nguvu. Ni ua wa makuti, si ukuta wa mawe. Mwenye akili haachi kujenga ua kwa kuwa chui aweza kuuruka. Wala haweki ua akalala fofofo akisema kuwa chui ameondoka duniani.

Na mambo haya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuonya kabla ya mizani hizi zote. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi amekemea kulijaza tumbo, akaliweka theluthi yake kwa chakula, na theluthi kwa kinywaji, na theluthi kwa pumzi. Na katika Sura ya Al-A'raf tumeamrishwa kula na kunywa pasina kupita mpaka. Tazameni basi hali zetu. Tumeacha dona tukashika sembe, nafaka tukaikoboa hata ikawa nyeupe kama chokaa, na pumba tukawapa kuku; kuku wakapata manufaa nasi tukapata weupe. Asubuhi ni vitumbua na chai tamu kama halwa, adhuhuri wali mweupe, usiku chipsi na soda. Kisha baada ya swala ya Isha hukaa mtu barazani hata usiku wa manane, hajapiga hatua mia, na sigara i mkononi. Na wenyeji wa huku bara, ambao babu zao walikula mtama na ulezi kwa mlenda na dagaa, nao waanza kutuiga. Twaambiana kuwa ni maendeleo.

USIMLAUMU MGONJWA

Hapa pana mtego ambao wapenda kinga wengi huingia. Akishaamini mtu kuwa desturi njema hukinga, humtazama mgonjwa akasema moyoni, au kwa ulimi: huyu alikula vibaya, huyu amejitakia. Neno hili ni dhuluma, na ni uwongo katika ilimu kama lilivyo uovu katika adabu.

Ni uwongo katika ilimu, kwani ikiwa nusu ya maradhi yatokana na desturi, nusu nyingine haitokani nazo. Upo umri, ambao hapana awezaye kuuzuia. Na yako yarithiwayo. Katika mji wa Ann Arbor huko Marekani, mwaka 1895, mwanamke mshonaji wa nguo alimwambia tabibu Aldred Warthin kuwa anajua atakufa kwa saratani ya tumbo au ya uzazi, kwa kuwa jamaa zake wote hufa hivyo. Akafa kama alivyosema. Warthin akauandika ukoo ule mwaka 1913, na baadaye watabibu wakathibitisha kuwa yako maumbile yapitayo kwa damu, baba kwa mwana, yaletayo saratani ya utumbo hata kwa kijana asiyejua ladha ya nyama ya kopo. Utamwambia nini mtu wa ukoo huo, kuwa alichagua vibaya wazazi?

Na ni uovu katika adabu, kwani Mtume wetu amemhesabu aliyekufa kwa maradhi ya tumbo kuwa ni katika mashahidi, kama alivyomhesabu aliyekufa kwa tauni. Nayo imo katika Bukhari na Muslim. Na Abu Ubayda tumekwisha kumtaja. Basi mtu ambaye Mtume amempa cheo cha shahidi, wewe wampa cheo cha mlafi? Desturi njema ni mawaidha ya kumpa mzima kabla ya kuugua, na ya kujipa nafsi yako kwanza. Aliyekwisha kuugua haki yake ni kuzuriwa, na kusaidiwa nauli ya hospitali, na kuombewa.

JE, KUJIHADHARI HUPONYA?

Ama swali la pili, jawabu yake ni la, tena la bila ya kusitasita. Kinachozuia moto usiwake si kinachouzima ukisha kuwaka. Mtu akiiweka mbali taa na makuti amefanya vema. Lakini nyumba ikisha kushika moto, hakuna faida ya kuisogeza taa. Saratani iliyokwisha kukita katika utumbo hukatwa kwa kisu, na pengine hufuatishwa dawa kali na mionzi. Ikikatwa ingali ndani ya ukuta wa utumbo, haijatoka, katika hospitali zenye vifaa kamili watu kadiri ya tisa katika kumi huwa wahai baada ya miaka mitano. Ikisha kutawanyika mwilini mambo hugeuka, wakawa wanaopona ni wachache. Basi kisu cha mapema daraja yake yakaribia ile ya kwanza, ya yakini. Na kujitibu saratani kwa chakula peke yake ni daraja ya tatu, ya wahamu.

Watakaosema kuwa habba sauda ni dawa ya kila maradhi isipokuwa mauti, twawaambia: hadithi ni sahihi, na kichwa chetu kiko chini yake. Lakini wenye kuisherehesha, akiwamo al-Khattabi, wamesema kuwa ni neno la jumla lililokusudiwa mahsusi, kwani hapana mmea mmoja uliokusanya tabia zote za kuponya. Na huyo huyo Mtume aliyeisifu habba sauda ndiye aliyeamrisha watu watafute dawa, na aliyesema kuwa mwenye kutibu watu na hali hajulikani kwa utabibu, yeye ni mdhamini wa atakachoharibu. Na wauzao chupa masokoni na katika masimu wakisema kuwa zayeyusha saratani bila ya kisu, na waikumbuke dhamana hiyo, kwani Siku ya Kiyama haina wakili.

Na jambo hili limepimwa. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walitoa hisabu ya wagonjwa wa saratani ambayo haijatawanyika, waliokataa tiba ya hospitali wakashika dawa nyingine peke yake. Wenye saratani ya utumbo katika hao, khatari yao ya kufa ilizidi mara nne ya wenzao waliotibiwa. Kila mmoja wao alipewa nafasi, akaiuza.

Wala hatusemi kuwa desturi njema hazina kazi kwa mgonjwa. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 889 waliokwisha kukatwa saratani ya utumbo na kupewa dawa. Nusu yao walisimamiwa kwa muda wa miaka mitatu wafanye mazoezi ya mwili, na nusu wakapewa vitabu vya mawaidha tu. Baada ya miaka mitano, wa mazoezi waliokuwa wahai bila ya maradhi kurudi walikuwa asilimia 80, na wenzao asilimia 74. Tazameni tartibu yake: kisu kwanza, dawa ya pili, mwendo wa tatu. Hakuna katika wao aliyetembea badala ya kukatwa. Mwenye kumfunga ngamia kisha akatawakali ndiye aliyefuata hadithi. Hakuambiwa amwimbie ngamia badala ya kumfunga.

HAYA INAYOUA

Limebaki jambo ambalo wanaume wa pwani hawapendi lisemwe, nalo ndilo linalowafikisha wengi hospitali wakiwa wamechelewa. Dalili za maradhi haya ziko mahali pa siri: damu katika choo, desturi ya choo kubadilika kwa wiki nyingi, mara kufunga na mara kuhara, choo kuwa chembamba, kusokotwa na tumbo, kukonda bila ya sababu, na kupungukiwa na damu hata mtu akahema kwa kupanda ngazi. Mtu huiona damu akasema ni bawasiri, akanunua dawa ya bawasiri, akanyamaza miezi minane. Pengine kweli ni bawasiri. Lakini aliyekuambia ni nani, na hali hujapimwa? Wahenga wamesema: mficha uchi hazai; na wamesema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Haya ni katika imani, lakini haya hii si ile. Ummu Sulaym, bibi wa Kiansari, alimwuliza Mtume mambo ya siri ya mwili, akatanguliza kusema kuwa Mungu haionei haya haki. Wala Mtume hakumkemea. Ikiwa mwanamke yule aliuliza mbele ya Mtume, mwanamume mwenye ndevu amwonea haya daktari? Na kama akiogopa kufunuliwa tupu yake, Imamu Nawawi ameandika katika Minhaj kuwa kutazama na kugusa huruhusiwa kwa kuumika na kwa kutibu. Na dharura ina kadiri yake. Basi kipimo kile cha kuingiza mpira wenye taa katika utumbo, ambacho kwacho tabibu huviona vijinyama na kuviondoa kabla havijawa saratani, hakina lawama katika sharia. Huko Marekani, tangu mwaka 2021, watu huusiwa waanze kupimwa wakiwa na miaka 45 ijapokuwa hawana dalili yoyote. Na mwenye baba au ndugu aliyepatwa asingoje hata umri huo bila ya kumwuliza tabibu.

Wako na wanaokimbia kisu kwa kuogopa mfuko: kwamba baadhi ya waliokatwa hutobolewa ubavuni, choo kikawa chatokea hapo ndani ya mfuko, pengine kwa muda na pengine kwa maisha. Husema: nitaswali vipi na hali najisi i juu yangu? Bora nife na twahara yangu. Ndugu yangu, hiyo si twahara, ni wasiwasi. Sharia inayo hukumu ya mwenye hadathi isiyokatika: atajisafisha, ataumwaga mfuko au kuubadili awezavyo, atatawadha baada ya kuingia wakati, kisha ataswali mara moja, na kwa kila faradhi atatawadha tena. Swala yake ni sahihi. Mungu hakumkalifisha asiloliweza, basi naye asijikalifishe mauti.

Ama hukumu ya kujitibu, mashuhuri katika madhehebu yetu ni kuwa ni sunna; na wako katika wanavyuoni wetu waliosema kuwa hupasa ikiwa kupona kwajulikana kwa yakini. Mwenye mke na watoto, aliyeambiwa na matabibu waaminifu kuwa uvimbe wake ungali mchanga na kisu chauondoa, na aipime rai hii kwa makini kabla ya kusema kuwa anatawakali. Na aipime pamoja na amri iliyo katika Sura ya Al-Baqara, ya kukatazwa tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizo.

MUKHTASARI

Yakusanyike haya katika maneno machache. Kujihadhari ni kinga yenye dhana ya nguvu: ifanyeni, wala msiiabudu. Kujihadhari si dawa: mwenye dalili na aende hospitali, tena leo, si baada ya mavuno wala baada ya Idi. Mgonjwa halaumiwi: aliyelinda mwili wake akaugua hakukhasirika, na asiyelinda akaugua bado ni ndugu yako. Na mwenye afya asijione kuwa ameinunua kwa dona na matembezi. Ameazimwa, na mwenye mali aweza kuitaka mali yake wakati wowote. Lakini muazimwa mwema hutunza, na siku ya kurudisha hurudisha chombo kizima kadiri alivyoweza, wala haoni haya mbele ya mwenyewe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awaongoze mikono matabibu wetu, awahifadhi wazima wetu na uvivu na ujinga, na atupe mwisho mwema sote. Amin. Wallahu aalam.